Swali Lililotoka Nyumbani

Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya malezi, ndoa na matumizi ya nyumbani. Leo tunageukia kazini, kwa kuwa mzazi haiachi dhamiri yake getini anapoingia kiwandani. Wengi wetu tumeajiriwa katika makampuni makubwa. Tunaona maji yakimwagika usiku kucha na mabaki yanayofaa yakipelekwa jalalani, nasi tunanyamaza. Tunajiuliza, "Mimi ni nani hata nisikilizwe? Na watoto watakula nini nikionekana mkorofi?"

Hofu hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo, ndugu wasomaji, tutazame yaliyotokea Marekani.

Mwaka 1973 Ray Anderson alianzisha kampuni ya Interface katika jimbo la Georgia. Ilitengeneza mazulia ya vipande vya mraba yanayotandikwa maofisini. Malighafi yake kubwa ilikuwa nailoni, itokanayo na mafuta ya petroli. Zulia lililochakaa hung'olewa na kufukiwa jalalani, likakaa humo miaka mingi bila kuoza. Kwa miongo miwili Anderson hakuona tatizo. Alitii sheria za nchi, akaona inatosha.

Mwaka 1994 wateja walianza kuwauliza wauzaji wake: kampuni yenu inayafanyia nini mazingira? Wauzaji wakakosa jibu. Wafanyakazi wakaunda kikosi cha kulishughulikia swali hilo, wakamwomba Anderson akifungue kwa hotuba. Naye hakuwa na la kusema.

Wakati huo, binti mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya mazingira katika serikali ya jimbo la Washington alimpelekea mama yake kitabu cha Paul Hawken, kinachoeleza jinsi biashara inavyoiharibu dunia na inavyoweza kuiponya. Mama huyo alikuwa meneja wa mauzo wa Interface. Akahakikisha kitabu kinafika kwa mkuu wake. Anderson, aliyekuwa na umri wa miaka 60, alisimulia baadaye kwamba kilimpenya kama mkuki kifuani. Alijiona mporaji wa dunia watakayoirithi wajukuu.

Hapo ndipo penye funzo letu. Binti hakuwa mfanyakazi wa kampuni ile. Mama hakuwa na mamlaka ya kubadili mashine hata moja. Kila mmoja alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake, na swali lililotoka nyumbani likafika mahali ambapo amri hutolewa.

Lakini uchungu wa moyo peke yake hupoa. Wapo waliodhani kwamba Anderson amerukwa na akili. Kilichomlinda ni hesabu. Wafanyakazi walipewa jukumu la kusaka upotevu viwandani, na fedha zilizookolewa zikasaidia kugharimia hatua zilizofuata. Kampuni ikajiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2020 isiyaachie mazingira madhara yoyote. Anderson alifariki mwaka 2011, kabla ya kuuona mwisho. Mwaka 2019 kampuni ilitangaza kwamba imelifikia lengo hilo.

Sisi tufanyeje? Tusianze na kampuni nzima. Tuchague upotevu mmoja tunaoujua vyema: bomba linalovuja, taa za ghala zinazowaka mchana, vifungashio vinavyotupwa. Tuupime kwa mwezi mmoja na kuandika. Tutafute mwenzetu mmoja anayeudhika nao kama sisi, kisha tumwendee msimamizi kwa adabu, hesabu mkononi. Anayeleta hesabu ya hasara na njia ya kuizuia ni vigumu kumwita mkorofi. Na akikataliwa mara ya kwanza, daftari lake linabaki, naye atakuwa na la kuonyesha siku swali litakapoulizwa na wakubwa.

Na tunaporudi nyumbani, mtoto akituuliza, "Baba, taka za kazini kwenu zinakwenda wapi?" tusimkaripie kwa kuwa tumechoka. Kama jibu hatunalo, tukalitafute kesho yake. Dunia hii ni amana, na huyo anayetuuliza ndiye tutakayemkabidhi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.