Chakula Katika Zama za Korona

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba maradhi ya korona yameuenea ulimwengu, wametokea wasemaji wengi waliohukumu kuwa watu walikula vibaya katika miezi ile kwa ujinga au kwa ulafi. Nami, nikiyataamali yaliyopita Mombasa peke yake, naiona hukumu hiyo kuwa ni dhuluma, kwani kilichotawala chungu cha mnyonge si elimu yake wala matamanio yake, bali ni saa, mfuko na soko.

Hofu nayo ilifanya kazi yake, sikatai. Ndiyo iliyopandisha bei ya tangawizi na ndimu, na ndiyo iliyowarejesha wengi kwenye asali na habasoda walizozisifu wazee wa pwani tangu dahari. Na ijapokuwa Shirika lile lile lilibainisha kwamba hapana ushahidi wa kitunguu saumu kumkinga mtu na korona, wengi waliendelea kukitafuna. Lakini hofu aghalabu hubadili viungo tu.

Chakula chenyewe kilibadilishwa na kafyu. Kuanzia tarehe 27 Machi ilikuwa marufuku nchini Kenya kuwa nje baina ya saa moja ya usiku na saa kumi na moja ya alfajiri, na Ramadhani ilipoandama mwishoni mwa Aprili, jua la Mombasa likichwa baada ya saa kumi na mbili na robo hivi, haikusalia hata saa nzima baina ya adhana ya magharibi na askari wa doria. Mchukuzi aliyepanga chumba kisicho na jiko, ambaye desturi yake ni kufuturu barabarani kwa mbaazi za nazi, mahamri na viazi vya karai, angekula nini, ilhali wauzaji wenyewe wamekwisha kimbilia makwao? Kisha, tarehe 6 Mei, saumu ikiwa katikati, serikali ikazuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale.

Hoteli za watalii nazo zilipofungwa, mshahara ulikatika, na asiye na mshahara hununua unga na sukari, maadamu hushibisha, akaacha samaki na matunda. Na mvuvi aliyekuwa akiziuzia hoteli hizo akakosa mnunuzi, hali majirani zake wamekosa kitoweo. Mwenye jokofu na pato la kudumu aliweka akiba, akaoka mikate kwake. Huyo ndiye aliyekuwa na hiari ya kuchagua.

Haikuwa muhali kuisogeza kafyu kwa ajili ya futari, kwani serikali yenyewe iliisogeza hadi saa tatu ya usiku tarehe 7 Juni, Idi ikiwa imekwisha pita. Basi nawasihi wenye mamlaka: siku mtakapolazimika tena kufunga mji kwa ajili ya maradhi, amri hiyo na ifuatane na chakula kitakachofikishwa milangoni mwa watu siku iyo hiyo.