Nimenunua treni, mzee karudi kazini!

Wiki hii naomba msinicheke. Nina treni. Tena ninayo chumbani, inapita chini ya kitanda na kutokea kwenye viatu.

Niliikuta mtumbani Karume, ndani ya boksi la midoli: kichwa kimoja, mabehewa matatu na vipande vya reli vimefungwa kwa kamba. Jamaa alitaka elfu hamsini, nikampa thelathini na tano za kodi. Mwenye nyumba wangu, kama unasoma hapa, usiwe na wasiwasi, zinakuja.

Na wewe kabla hujatoa noti, geuza kichwa cha treni utazame chini, au soma boksi. Ukikuta H0, ujue kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake zimeachana milimita 16.5. Ukikuta N, imepunguzwa mara 160 na reli ni milimita 9. Hizo mbili haziingiliani hata ulie. Ukiona reli za H0 zenye vitone vya chuma katikati ya mataruma, hizo ni za Märklin wa Ujerumani, na kichwa cha kawaida cha DC humo hakitembei ng'o. Mimi hilo nililijua baada ya kununua, bahati ikanibeba.

Halafu umeme. Wa ukutani ni volti 230, treni hii inakula mpaka 12 tu, tena DC. Boksi langu halikuwa na kile kidude cha kuendeshea, kwa hiyo nikaenda kwa fundi redio akanitengenezea chenye kitufe cha kuzungusha: ukiongeza inakimbia, ukipunguza inatambaa, ukigeuza nyaya inarudi nyuma. Usijifanye fundi kwa kuchomeka tu, mota utaizika siku hiyo hiyo. Nafasi je? Ubao wa mita moja na robo kwa mita moja unatosha duara la kuanzia. Wenye chumba kama changu tunatandika sakafuni, tunakusanya kabla ya kulala.

Basi treni ikaenda, bomba ile mbaya! Tatizo, kila ikifika kwenye kona ya kabati inazima. Nikafuta reli kwa spiriti, maana vumbi na kutu vinazuia umeme. Nikafuta na magurudumu. Wapi! Nikaanza kumlaani jamaa wa Karume.

Jumapili mzee akaja. Niwaeleze kidogo: mzee wangu alikuwa mtu wa gengi Reli ya Kati, miaka mingi yuko Kaliua, pale njia inapochepuka kwenda Mpanda. Nyumbani tulimwona kwa likizo. Na tangu yale matokeo yangu ya fom foo, mazungumzo yetu ni shikamoo na marahaba, basi. Nilitaka kuificha treni, nikachelewa.

Akaitazama. Akavua viatu, akapiga magoti, akaweka shavu sakafuni akichungulia reli kwa jicho moja.

"Hapa pameachana," akasema. "Sisi tulikuwa tunaacha mwanya ili reli ipate pa kutanukia jua likiwaka. Wewe humu ndani una jua gani?"

Akaomba plaizi, akabana kile kibati kinachounganisha reli mbili. Treni ikapita. Mimi wiki nzima nasugua spiriti!

"Lakini hii siyo reli yetu. Hii pana."

Nikabisha. Alipokwenda kunawa nikapiga hesabu: 16.5 mara 87 ni kama milimita 1,435, yaani upana wa SGR, ile iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro mwaka 2024. Reli ya mzee ni milimita 1,000. Kwa H0 inatakiwa ya milimita 12, inaitwa H0m, na wanaoipenda sana ni Waswisi maana treni zao nyingi za milimani ni za mita moja. Mzee aliona kwa jicho tu.

Aliondoka saa nne usiku. Ndipo nikajua kwamba habari ya kuzaliwa kwangu aliletewa na gadi wa treni ya mizigo, siku mbili baadaye, na kwamba siku ile aliacha nyundo njiani akasahau alipoiweka. Miaka yote hakuwahi kuniambia.

Sasa tunajenga Kaliua. Stesheni ni maboksi ya viberiti, majani ni vumbi la mbao la mafundi wa Keko nililolipaka rangi ya kijani. Kilichobaki ni kipande cha reli cha kuchepushia treni, kwenda Mpanda, na kodi bado sijalipa. Jana usiku mzee kanipigia simu.

"Umekipata?"

"Bado, baba."

"Basi usifunge kona ile mpaka nije."