Paa Linalovuja Ni Ugonjwa Nyumbani

Desemba ikifika, wengi wetu tunaofanya kazi Nairobi, Nakuru na Mombasa hupanda basi kwenda Kisii na Nyamira tukiwa tumebeba rangi ya ukuta, viti vipya na televisheni kwa ajili ya nyumba ya wazazi. Ni wachache mno wanaobeba misumari ya mabati. Nyumba hupakwa rangi ikapendeza, lakini mvua za Machi zikianza, sufuria na karai hutandazwa sakafuni kukinga matone. Kwa maoni yangu tunaanzia mwisho, na hasara yake haiishii kwenye viti. Inafika vifuani mwa wanaolala humo.

Gusii si Machakos. Sehemu nyingi za huku hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, pamoja na mvua ya mawe na radi za alasiri ambazo kila mwenyeji anazijua. Tundu moja katika paa la Machakos huenda likasahaulika kwa miezi. Huku dari huloa tena kabla haijakauka, na ukuta nao hubaki na unyevu. Hapo ndipo kuvu jeusi humea. Chembe zake zikivutwa na pumzi huchochea pumu na kikohozi, hasa kwa watoto na wazee. Mzazi hupelekwa hospitalini, hupewa dawa, kisha hurudishwa kulala chini ya dari ile ile.

Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo. Fundi asiye makini hupigilia msumari katika bonde la bati badala ya mgongoni, na maji yanayoteremka hukuta tundu njiani. Raba iliyo chini ya kichwa cha msumari hupasuka kwa jua. Mbao za mkaratusi zilizopigiliwa zikiwa mbichi hupinda zikikauka, zikalegeza misumari. Na anayenunua mabati akumbuke kwamba namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 32 ni hafifu kuliko geji 28, ingawa wapo wanaojivunia 32 wakidhani wamepata kilicho kikubwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika majengo ya zamani, yakiwemo baadhi ya madarasa na nyumba za watumishi wa serikali, yaliyoezekwa kwa asbesto. Paa hilo likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Likikatwa, likitobolewa au likisuguliwa kwa brashi ya waya, hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo zikiingia mapafuni zinaweza kukaa humo maisha yote, na saratani inayotokana nazo mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, na mwaka 2011 shirika la NEMA lilitoa mwongozo wa namna ya kuiondoa na kuizika. Kwa hiyo sioni ni kwa nini kijana wa kibarua apandishwe juu na nyundo, amejifunga leso puani, ili mwenye nyumba aokoe shilingi chache. Leso haizuii nyuzi hizo. Wala vipande vyake havifai kuezekea banda la kuku.

Kisha kuna nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Katika nyumba nyingi inasaidia moshi kutoka, lakini mbu wa malaria naye huipenda sana, kwa kuwa hupanda ukuta na kuingilia hapo usiku. Kisii na Nyamira ni nyanda za juu ambako malaria hulipuka kwa vipindi, na watu wazima hawana kinga kama ya wenzao wa kando ya Ziwa. Nafasi hiyo izibwe kwa wavu wa waya. Kuikandika kwa udongo katika jiko la kuni ni kumfukuza mbu na kumfungia mama ndani na moshi.

Paa likishatengenezwa, lina faida ambayo wengi hatuihesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 60 za mraba, ikipata mvua ya milimita 25, inaweza kukinga karibu lita 1,200 hata baada ya kupoteza kiasi. Mtu aliyeteremka mtoni na mtungi anajua uzito wa hesabu hiyo. Lakini mifereji iondolewe majani ya mkaratusi, maana maji yakituama humo mbu hutaga. Maji ya mwanzo wa mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaachwe yamwagike kabla ya tangi kufunguliwa. Ya kunywa yachemshwe.

Fundi aitwe Januari, wakati mabati bado ni makavu.