Uuguzi Hauna Njia ya Mkato



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya choo bora, maji ya kuchemsha na chandarua. Leo tuzungumze juu ya mtu anayetupokea tunapofika zahanati. Mtu huyo ni muuguzi.

Vijana wengi wa vijijini wanaipenda kazi hii. Hilo ni jambo jema. Lakini kupenda peke yake hakutoshi. Kijana lazima aijue njia ya kuifikia, na wazazi wake waijue pia. Maoni yangu ni haya: njia ya uuguzi ni ngazi. Hupandwa hatua kwa hatua. Anayeahidiwa kurushwa juu bila kukanyaga ngazi anadanganywa.

KAZI YENYEWE

Wako wanaodhani kuwa kazi ya muuguzi ni kutandika vitanda na kufunga vidonda tu. Sivyo. Katika nchi yetu uuguzi husomwa pamoja na ukunga. Mama akishajifungua anaweza kutokwa na damu nyingi, akafa kwa muda wa saa chache. Pengine daktari yuko mbali, wilayani. Muuguzi ndiye anayeiona hatari. Ndiye anayemchoma mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, kumtundikia maji, na kutaka gari mapema. Je, mtu wa kazi kama hiyo afundishwe kwa miezi michache? Wewe ungekubali akuzalishie binti yako?

SAYANSI NI MSINGI

Ili kijana aingie chuo cha uuguzi na ukunga kwa masomo ya stashahada, yaani diploma, lazima awe amefaulu mtihani wa Kidato cha Nne. Anatakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua 4, yasiyo ya dini. Ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza humwongezea nafasi.

Vijana wengine huuliza: "Fizikia inamsaidia nini mgonjwa?" Tazama chupa ya maji inayotundikwa wodini. Kwa nini hutundikwa juu ya mgonjwa? Kwa sababu maji huteremka. Hiyo ni Fizikia. Chukua dawa ya klorini yenye nguvu ya 3.5 kwa mia. Muuguzi huchanganya sehemu 1 ya dawa hiyo na sehemu 6 za maji, akapata nguvu ya 0.5 kwa mia ya kuulia vijidudu. Hiyo ni Kemia.

Sasa tazama Hesabu. Dawa ya maji ya mtoto ina miligramu 125 katika kila mililita 5. Mtoto anatakiwa kupewa miligramu 250. Muuguzi ampe mililita ngapi? Jibu ni mililita 10. Akikosea hesabu, mtoto hatapona, au atadhurika.

Kwa hiyo mzazi asingoje matokeo ya Kidato cha Nne ndipo aulize habari za uuguzi. Aulize mapema, kabla kijana hajayaacha masomo ya sayansi kwa kuyaogopa.

ALIYEKOSA ALAMA

Kijana aliyekosa alama asikate tamaa. Anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aulize pia katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kurudia masomo mwaka mmoja si aibu. Aibu ni kununua cheti kisichokuwa na maana.

NGAZI NA HATUA ZAKE

Stashahada huchukua miaka 3 kwa aliyetoka Kidato cha Nne. Shahada ya chuo kikuu huchukua miaka 4, na baada yake mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitalini. Aliyemaliza Kidato cha Sita kwa alama nzuri za sayansi anaweza kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Mwenye stashahada naye anaweza kufanya kazi, kisha akaomba kusomea shahada kama alama zake zinatosha.

Kwa familia ya mkulima mimi naona stashahada ni mwanzo mzuri. Miaka yake ni michache, na kijana hupata ujuzi wa kazi kabla ya kuendelea. Asidharauliwe. Mgonjwa haulizi muuguzi ana cheti gani. Huuliza kama anajua kazi.

Akimaliza chuo bado hajaruhusiwa kutibu watu. Lazima afanye mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, asajiliwe, apewe leseni. Aliyesoma katika chuo kisichotambuliwa hawezi kupata leseni hiyo. Miaka imepotea, na fedha zimepotea.

KABLA YA KUUZA NG'OMBE

Mzazi, kabla hujauza ng'ombe ili ulipe ada, fanya mambo haya:

1. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi. Kama huna njia ya kutazama, mwombe mwalimu wa sekondari akutazamie.

2. Taka gharama zote kwa maandishi: ada, chakula, malazi, sare na mitihani. Wewe sasa unajua kusoma. Soma mwenyewe.

3. Lipa benki, katika akaunti ya chuo. Usimpe mtu fedha mkononi. Tunza risiti.

4. Uliza habari za mikopo. Tangu mwaka 2023 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwemo wa masomo kadhaa ya afya.

Tena tuambiane ukweli. Kumaliza chuo si kupata kazi kesho yake. Nafasi za serikali huombwa, na wahitimu wengine hungoja. Kijana ajiandae kwa hilo.

Wala uuguzi si kazi ya wasichana peke yao. Mvulana mwenye moyo wa huruma na mkono msafi naye aende.

Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya redio kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakazungumza, kisha wakatenda. Nasi tuzungumze, kisha tutende.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika kijiji chenu, ni vijana wangapi wanasoma Kemia, Baiolojia na Fizikia? Wanaoyaacha huyaacha kwa nini?

2. Mtu akija kijijini kuandikisha vijana kwa ajili ya chuo, mtamwuliza maswali gani?

3. Kijiji kinaweza kumsaidiaje kijana mwenye alama nzuri ambaye wazazi wake hawana ada?