Kushibisha Si Kulisha: Amana ya Kasuku Majumbani

 

Huenda baadhi ya ndugu zetu wakastaajabu kuona ukurasa huu ukimzungumzia kasuku, ilhali Umma una mayatima na wagonjwa. Hatukuwasahau. Lakini mtoto mmoja wa madrasa alituuliza swali, na swali la haki hujibiwa. Kwao kuna kasuku ambaye hupiga kelele kila chai inapoteremshwa mekoni, wala hanyamazi mpaka apewe hamri lililochovywa. Chakula chake mwenyewe hakigusi. Bibi yake husema kumnyima ni dhulma. Je, ni dhulma?

Tunavyoona sisi, dhulma ni kumpa.

Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, waliyoipokea Bukhari na Muslim, twaijua sote, na wengi wetu huishia kwenye njaa ya yule paka. Lakini mwanamke yule alilaumiwa kwa mambo mawili: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie riziki yake ardhini. Hilo la pili ndilo linalotuhusu. Paka aliye huru akikosa kwetu hupata kwa jirani. Aliye tunduni ameondolewa hiari. Kila kinachoingia tumboni mwake kimetoka mkononi mwetu, kiwe cha kumfaa au cha kumdhuru, na sisi ndio tutakaoulizwa.

Hatusemi kufuga ndege ni haramu. Mtume (S.A.W.) alimuuliza mtoto Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, habari za ndege wake mdogo kwa upole, wala hakumkemea kwa kumfuga. Wanavyuoni waliojuzisha kwa dalili hiyo waliweka sharti la kumtunza.

Sasa tutazame hali halisi. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye wengi humfuga kwa ajili ya ulimi wake, asili yake ni misitu ya Kongo na nchi jirani. (Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku, hapa twawazungumzia waliokwisha kuzoea majumba yetu.) Huko kwao hula mbegu, matunda ya mwitu na nyama ya matunda ya mchikichi, na huruka masafa marefu kuvitafuta. Kwetu hukaa juu ya kijiti kimoja, akapewa hamri, viazi karai, wali wa nazi na mabaki ya pilau. Uzito wake ni kama gramu 400 hadi 500 tu: chumvi kidogo kwetu ni nyingi kwa figo zake, na mafuta hujaa kwenye ini. Chai, kahawa na chokoleti ni sumu kwake; parachichi laweza kumuua. Wala alizeti peke yake si tiba, kwani ina mafuta mengi, na chokaa ya mifupa na vitamini A ni haba. Kasuku huyu akipungukiwa na chokaa hutetemeka na kuanguka kama mwenye kifafa, na watu wa nyumbani wakadhani amepatwa na jicho. Na wanaomlisha kutoka vinywani mwao, kwa mapenzi, wajue kuwa mate ya mwanadamu yana vijidudu vinavyomdhuru ndege.

Dawa si kumfungia chakula mpaka asalimu amri. Kasuku aweza kukataa chakula kigeni hata akadhoofika, nasi tukarudi kwenye kosa la yule mwanamke. Yeye ni ndege wa kundi, na kundi lake ni sisi. Hutamani anachokiona tukila. Basi mtengee chake kabla chumvi na tui havijaingia chunguni: boga, karoti, maharage yaliyoiva vyema, sukuma wiki. Mwekee asubuhi akiwa na njaa, nawe ule mfano wake mbele yake. Mbegu apewe jioni, zipunguzwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, na apimwe kwa mizani ya jikoni; akipungua sana, mrudishie mbegu, mwone mganga wa mifugo. Aote jua la asubuhi, maana bila jua chokaa haiufai mwili. Hata pilipili mpe: Mola amewaumba ndege wasihisi ukali wake.

Wengine hujivunia kwamba kasuku wao hutoa salamu na kupiga takbiri, wakaona ni baraka ya nyumba. Ni sauti aliyofunzwa, kama alivyofunzwa hamri.

Siku ya kumi na moja mtoto yule alitujia. Boga limetupwa chini, alisema, na bibi bado ananung'unika. Lakini pilipili hakuirudisha.