Paka jike na suala la kumfunga kizazi

Ndugu Waislamu, kule Mbagala na Tandika ni nani asiyeijua sauti ya paka jike anayetaka dume? Hulia usiku kucha, hujiviringisha sakafuni na kuinua kiuno, hata baadhi yetu wakadhani amepagawa. Hana jini wala maradhi. Huanza hali hiyo akiwa na umri wa miezi 4 hadi 6 hivi, na asipopandwa humrudia kila baada ya wiki 2 au 3. Akipandwa, huzaa baada ya siku 63 hivi. Na huku kwetu karibu na Ikweta, ambako mchana haupungui sana, msimu wake haukatiki.

Linalotuhuzunisha ni yafuatayo baadaye: vitoto visivyofumbua macho hutiwa kirobani na kutupwa jalalani. Tunawasomesha watoto habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, kisha tunawatuma wao hao wakatupe kiroba!

Je, yafaa kumfunga kizazi? Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, alikataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Wahanafi waliruhusu penye manufaa, na paka wakamtaja waziwazi. Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, hakuona ubaya paka wakizidi na kuleta udhia, madhali upasuaji hauwadhuru. Sisi twaielekea kauli hii, kwani kisu cha leo hutanguliwa na dawa ya usingizi.

Lakini afanye daktari wa mifugo, si fundi wa mtaani. Asiyemudu gharama amzuie paka wake ndani siku hizo, kwa chakula na maji.