Alice aliyechoka kuwa Alice

Wengi wetu tunaolea watoto ughaibuni tumeshawasomea hadithi ya Alice, yule msichana aliyemfuata sungura shimoni. Wengine wanayo hata kwa Kiswahili: ilitafsiriwa mwaka 1940 kama Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akaitafsiri upya kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Lakini mwambie mtoto kwamba Alice alikuwa mtu kweli, na kwamba alizeeka, uone atakavyokukodolea macho.

Alikuwa Alice Liddell, binti wa mkuu wa chuo cha Christ Church, Oxford. Tarehe 4 Julai 1862, akiwa na miaka 10, yeye, dada yake na mdogo wao walipanda mashua pamoja na Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati chuoni hapo. Dodgson akawatungia hadithi njiani, na Alice akamng'ang'ania aiandike. Kitabu kilitoka mwaka 1865 kwa jina la Lewis Carroll.

Mwandishi Mmarekani Melanie Benjamin ameyatungia riwaya maisha hayo, Alice I Have Been (2010), na humo msimulizi ni Alice mwenyewe, bibi kizee. Mwaka 1863 urafiki wa Dodgson na familia ile ulikatika ghafla, na katika shajara yake ukurasa wa siku zile umekatwa. Riwaya inalijaza pengo hilo kwa hisia za msichana mdogo kwa mtu mzima. Hapo sikukubaliana nayo. Marehemu hawezi kukanusha, na mtoto ndiyo kabisa. Ni kitabu cha kijana wa chuo, si cha kumsomea mtoto kabla ya kulala.

Kilichonishika ni uzee wake. Wanawe wawili kati ya watatu waliuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mume naye akafariki, na mwaka 1928 mjane huyu akauza ule muswada ulioandikwa kwa mkono, zawadi ya utotoni, kwa pauni 15,400. Mwaka 1932, akiwa na miaka 80, akapelekwa New York kushangiliwa, na Chuo Kikuu cha Columbia kikampa shahada ya heshima. Baadaye akamwandikia mwanawe kwamba amechoka kuwa Alice, huku akiogopa kuonekana hana shukrani.

Sisi wauguzi wa wazee tunaijua hali hiyo. Ndugu wanakuja, wanamtambulisha mgonjwa kwa jambo moja alilofanya zamani, naye anatabasamu kwa adabu. Wakishaondoka ndipo anapoanza kukusimulia habari za mwanawe aliyefariki.

Nasi nyumbani tunafanya vilevile kwa watoto wetu. Kituko cha mtoto wa miaka minne kinarekodiwa, kinarushwa kwenye kundi la familia la WhatsApp kutoka Birmingham hadi Tanga na Muscat, na akifika miaka 17 binamu zake bado wanamwita kwa kituko hicho. Je, kuna aliyemuuliza? Wenye vijana wa umri huo, waulizeni wiki hii, na wakisema video ifutwe, ifuteni bila kuwacheka.

Muswada ule Wamarekani waliurudisha Uingereza mwaka 1948 kama zawadi, nao umehifadhiwa British Library, London.